Mahame ya Wafugaji wa Kale na Rutuba Waliyoiacha Mbugani

*Waliishi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, wakahama, wakaacha samadi ya mifugo yao ardhini. Miaka 3,000 baadaye samadi hiyo imeingia katika ugomvi ambao haujakatwa: je, ng'ombe huiharibu mbuga au huijenga?*

Katika nchi ya Narok, kusini-magharibi ya Kenya, mtu apandaye kilima wakati wa kiangazi na kutazama bondeni huona, katikati ya vichaka vya miiba na nyasi zilizokwisha kukauka, viwanja vya mviringo visivyo na mti hata mmoja, vipana kadiri ya mita 100 kila kimoja, vyenye majani mafupi yaliyo laini na mabichi kuliko ya pande zote. Swala, pundamilia, ngiri na nyumbu, ambao nchi nzima iko wazi mbele yao, hupapendelea hapo kuliko kwingine.

Mgeni hudhani kuwa hiyo ni kudura isiyo na mkono wa mtu ndani yake. Walakini achimbaye hapo kwa kina cha nusu mita hivi hukuta tabaka la udongo laini wa rangi ya kijivu, lenye unene wa sentimita 30 au karibu na hapo, ambalo halifanani na udongo ulio juu yake wala ulio chini yake.

Ni mavi ya mifugo. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walilala zizini mahali hapo, wengine zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wakayakanyaga usiku baada ya usiku mpaka yakashikamana, kisha wenyewe wakahama na mifugo yao, boma likaoza, mvua ikanyesha, na nyasi zikaota juu ya mahame.

Mwaka 2018 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa mahame matano ya namna hiyo, yenye umri wa kuanzia miaka 1,550 hadi miaka 3,700, uliofanywa na Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis pamoja na wenzake, akiwamo Purity Kiura wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walipoupima udongo wa mahame na kuulinganisha na udongo wa jirani usiokaliwa na watu, waliona kuwa naitrojeni, fosforasi, kalsiamu na magnesiamu bado zimezidi ndani ya mahame, na kwamba ziada hiyo imedumu kwa muda wa hata miaka 3,000.

Rutuba iliyohamishwa kwa tumbo la ng'ombe

Sababu yake si ngumu kufahamika. Ng'ombe huchungwa mchana kutwa katika malisho ya mbali, akala nyasi za eneo kubwa, kisha jioni akarudishwa zizini, na humo, usiku kucha, akaiacha sehemu ya aliyoyala. Fanya hivyo kwa mamia ya mifugo na kwa muda wa miezi au miaka, na rutuba iliyokuwa imetawanyika katika nchi kubwa hukusanyika katika duara dogo.

Ardhi nyingi za mbuga zetu ni maskini wa fosforasi, na mnyama anyonyeshaye hawezi kustahimili bila madini hayo. Basi nyumbu na swala wakaja kula majani ya mahameni, na kwa kuwa nao huacha mavi yao hapo hapo, wakawa wanairudisha rutuba ile kila mwaka, hata kazi iliyoanzwa na mchungaji ikaendelezwa na wanyama wasio na mchungaji, vizazi kwa vizazi, bila ya yeyote kuiamuru.

> *"Kazi iliyoanzwa na mchungaji ikaendelezwa na wanyama wasio na mchungaji."*

Aulizaye wataalamu wamejuaje kuwa udongo ule wa kijivu ni samadi na si jivu la moto au vumbi la volkano, ana haki ya kuuliza. Jibu lilitafutwa kwanza katika mahame ya Wamasai ya juzi na jana, ambayo wenyewe wangali hai na wanaweza kuonyesha kwa kidole zizi lilikuwa wapi, nyumba wapi na ndama walilala wapi. Ruth Shahack-Gross na wenzake waliyafuata mahame hayo kutoka lililohamwa mwaka uliopita hadi lililohamwa miongo kadhaa nyuma, wakatazama kwa hadubini jinsi samadi inavyobadilika ikioza: inavyoacha matabaka membamba yaliyoshindiliwa na kwato, na ndani yake vijiwe vidogo mno vya silika vilivyoumbika katika majani ambayo mnyama aliyala. Alama hizo ndizo zilizotafutwa katika udongo wa kale, zikapatikana.

Kwa maneno mengine, elimu hii isingesimama kama wafugaji wa leo wasingaliendelea kufuga. Hilo ni jambo la kukumbukwa tutakapofika kwenye ugomvi.

Njia ya kutoka kaskazini

Mifugo haikuwa na asili katika nyanda hizi. Ilishuka kutoka kaskazini, wakati Sahara, ambayo zamani ilikuwa na maziwa na malisho, ilipokauka na kuwatawanya waliokaa humo. Yapata miaka 5,000 iliyopita wafugaji walikuwa wamekwisha fika Ziwa Turkana, ambako huko Lothagam walijenga ziara kubwa ya wafu yenye nguzo za mawe, na humo, kwa makadirio ya waliochimba, walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, pasipo dalili ya kumpambanua mkuu na mdogo.

Kutoka Turkana hata Mau na Loita si safari ya kumshinda mtu, ila mifugo ilikawia zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzagaa huko. Diane Gifford-Gonzalez alitoa hoja mwaka 2000 kuwa kilichoizuia ni maradhi: ndigana kali inayoletwa na kupe, nagana inayoletwa na mbung'o, na ule ugonjwa unaowaua ng'ombe wanapolishwa mahali nyumbu walipozaa. Mfugaji yeyote wa Kajiado au Simanjiro angeifahamu hoja hii bila ya kusomewa, kwa kuwa mpaka leo huwaondoa ng'ombe wake njiani mwa nyumbu majira yao ya kuzaa yanapofika. Mgeni wa zamani zile hakuwa na elimu hiyo. Alijifunza kwa mizoga.

Uwanda wa juu, wenye baridi na usio na mbung'o, ulikuwa salama zaidi. Katika pango la Enkapune ya Muto, mteremkoni mwa Mau, mahali palipoinuka kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, Stanley Ambrose alikuta mifupa michache ya mbuzi na kondoo ya miaka kama 4,000 iliyopita ikiwa imechanganyika na mifupa mingi ya wanyama wa porini, kama kwamba wawindaji wa pale walikuwa wanaanza kuonja mali mpya. Miaka elfu moja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Mvua zilikuwa zimekwisha tulia katika majira mawili kwa mwaka, jambo ambalo Marshall aliliona kuwa ndilo lililomwezesha mfugaji kupata maziwa karibu mwaka mzima, na mahame ya wafugaji yakaongezeka kutoka Laikipia hadi Mbulu.

Si kwamba wote waliishi namna moja. Mahali paitwapo Prolonged Drift, karibu na Nakuru, wenye ng'ombe walikula pia nyama ya pori kwa wingi. Huko Ngamuriak, katika bonde la Lemek, ambako Peter Robertshaw alichimba na Marshall akaichambua mifupa, watu wa miaka 2,000 iliyopita walikula karibu mifugo mitupu, ilhali wanyama wa Mara walikuwa wakipita mlangoni pao.

Upande wa Tanzania, kijijini Luxmanda, katika uwanda wa Mbulu wenye mwinuko wa karibu mita 1,900, pamechimbuliwa makao makubwa ya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita, nayo ndiyo makao ya kusini kabisa ya ukubwa huo yaliyokwisha kutambuliwa. Kazi hiyo imefanywa na Katherine Grillo na Mary Prendergast pamoja na Watanzania, miongoni mwao Audax Mabulla na Agness Gidna.

Jiwe la Eburru

Hawakuwa na chuma. Makali yao yalikuwa ya obsidiani, jiwe ambalo volkano hulitema likapoa ghafula na kuwa kioo cheusi, na ambalo, likigongwa na mkono uliozoea, hutoa vile vyembamba vyenye makali kupita wembe. Bonde la Ufa, kati ya Nakuru na Naivasha, lina obsidiani nyingi kuliko mahali pengi duniani, na hapa ndipo panapoonekana fumbo ambalo kwa maoni yangu ni tamu kuliko yote katika habari hii.

Kila mlima hutoa obsidiani yenye mchanganyiko wake wa madini, hata kipande kilichookotwa mbali kinaweza kurudishwa kwa mlima kilikotoka. Harry Merrick na Francis Brown walipofanya hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 1984, ilidhihirika kwamba wafugaji wale walikuwa mafungu mawili. Fungu moja, ambalo wataalamu huliita la Elmenteita, lilichukua jiwe lake, lenye kuelekea rangi ya kijani, kutoka miteremko ya juu ya mlima Eburru. Fungu la pili, lililokalia zaidi nyanda za wazi, lilitumia jiwe la kijivu kutoka pande za Ziwa Naivasha. Machimbo hayo hayapitani hata kwa mwendo wa siku mbili, na hakuna jabali wala mto wa kumzuia mtu asivuke. Hata hivyo kila fungu lilishika lake kwa karne nyingi.

Tena jiwe la Eburru lilisafiri. Limepatikana Gogo Falls, karibu na Ziwa Viktoria, umbali wa kiasi cha kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na ni nani apitaye Mau kwa mstari ulionyooka? Steven Goldstein, aliyeyachunguza machimbo ya mlimani, ameeleza jinsi ardhi ilivyofunikwa kwa vibanzi vya waliokaa hapo kuchonga kabla ya kubeba. Yamkini mtu hakuenda mwenyewe kila mara, bali jiwe lilipita kutoka kwa mjomba hadi kwa shemeji, kutoka boma hadi boma, likisindikizwa na mtamba wa kukopeshwa au mbuzi wa mahari. Hayo ya mtamba na mahari ni dhana yetu wenyewe. Jiwe peke yake ndilo lililothibitika.

> *"Machimbo hayapitani hata kwa mwendo wa siku mbili. Hata hivyo kila fungu lilishika lake kwa karne nyingi."*

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa tofauti hiyo ni ya nasaba. Mafungu hayo yalitofautiana kwa vyungu, kwa visu vya mawe na kwa mazishi, na Ambrose alipendekeza kuwa wa Elmenteita walikuwa jamaa za Waniloti wa kusini, na wale wengine jamaa za Wakushi wa kusini ambao Wairaqw ni mabaki yao. Kisha mwaka 2019 ukatoka uchunguzi wa chembe za urithi za watu 41 wa kale, ulioongozwa na Prendergast na wenzake katika jarida la *Science*. Wafugaji wa kale miongoni mwao walikuwa mchanganyiko wa damu ya kaskazini-mashariki ya Afrika, damu ya Sudani na damu ya wawindaji wenyeji, na baina ya mafungu mawili hapakuonekana tofauti ya maana.

Basi watu wa damu moja, nchi moja na ng'ombe wa namna moja walijigawa, wakayagawa na mawe. Haukuwa mgawanyo wa uhaba, maana jiwe halikupungua. Ulikuwa mgawanyo wa adabu, wa nani aliyeruhusiwa kwenda mlima gani, na adabu ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ardhi kabla ya kuwako karatasi.

Wafu wa Njoro

Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango lililo kando ya mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu takriban 80 waliochomwa moto kabla ya kuwekwa humo. Kila mmoja alipewa vyombo vyake: bakuli la jiwe, jiwe la kusagia na mchi wake, na shanga za mawe ya rangi. Moto uliowateketeza ndio ulioyahifadhi yale ambayo kwa kawaida huoza, kwa kuwa mlikuwamo vipande vya vibuyu na chombo cha mti kilichonakshiwa, vyote vimegeuka makaa na kusalimika kwa muda wa karibu miaka 3,000.

Kibuyu katika kaburi la mfugaji! Mtu hukumbuka maziwa mara moja. Katika vigae vya vyungu vya Kenya na Tanzania, Grillo na wenzake walipata mwaka 2020 mabaki ya mafuta ya maziwa, ya nyama na ya mimea, baadhi yake ya tangu miaka 5,000 iliyopita. Lakini katika watu wote wa kale waliopimwa mwaka 2019, ni mmoja tu, wa pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, aliyekuwa na urithi wa mwili unaomwezesha mtu mzima kuyameng'enya maziwa mabichi bila taabu. Wengine waliyanywa bila ya urithi huo. Ama waliyagandisha, kama wanavyofanya wafugaji wa sasa kwa kibuyu na makaa, ama walivumilia tumbo.

Na hapa sharti tuseme neno juu ya wenye mashamba. Nchi ya Naivasha na Nakuru ilikuwa malisho ya Wamasai mpaka mkataba wa mwaka 1904 ulipowaondoa kuwapisha masetla wa Kizungu, na mkataba wa mwaka 1911 ukawahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini, pande za Narok na Kajiado. Akina Leakey walipokuja kuchimba, makaburi ya wafugaji yalikuwa ndani ya mashamba ya watu binafsi, hata pango mashuhuri la Elmenteita likaitwa kwa jina la Gamble, mwenye shamba. Wafugaji walio hai walikuwa wamekwisha kutolewa mahali hapo wakati wafugaji wafu walipoanza kuheshimiwa kwa kalamu na kamera.

Mashitaka juu ya ng'ombe

Dhana ya kwamba mfugaji wa Afrika Mashariki hufuga kwa upofu ina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits aliandika juu ya kile alichokiona kuwa ni mapenzi ya ng'ombe yaliyopita kiasi cha manufaa. Mwaka 1968 Garrett Hardin akatoa hoja kuwa malisho ya shirika hayana budi kuangamia, kwa sababu kila mmoja huzidisha mifugo yake kwa faida yake na hasara wakaibeba wote. Maofisa wa ukoloni na waliowarithi waliyapokea mafunzo hayo kwa mikono miwili, wakaagiza kupunguzwa mifugo, kukatwa mipaka, na kutengwa mbuga ambamo mwenye ng'ombe ni mvamizi.

Matokeo yake makubwa yako Ngorongoro. Mwaka 1959 eneo hilo, lenye kilomita za mraba 8,292, lilitengwa na Serengeti likawa mahali ambapo wafugaji na wanyama wangeishi pamoja. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliondolewa. Tangu mwaka 2022 serikali ya Tanzania imekuwa ikiwahamishia wakazi wa hifadhi hiyo kijijini Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Serikali husema wakazi walikuwa kama 8,000 hifadhi ilipoanzishwa na sasa wamepita 100,000, na kwamba watu, mifugo na makazi kwa idadi hiyo haviwezi kukaa pamoja na faru na simba. Wengi wa wakazi na watetezi wao hujibu kuwa uhamisho huo si wa hiari kama unavyoelezwa, na kwamba wanyama wamedumu pale kwa sababu ya ufugaji, wala si licha ya ufugaji.

Katika sakafu ya kreta hiyo mna vilima vya mawe ambavyo ni makaburi. Mjerumani Hans Reck aliyachimba kabla ya utawala wa kwao kuondoka, akina Leakey wakarudi, na Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali na ambaye wasomaji wa Mombasa watamkumbuka kwa utumishi wake wa baadaye Ngome ya Yesu, alichapisha mwaka 1968 habari za moja ya makaburi hayo. Waliozikwa humo, na mabakuli yao ya mawe, ni wa jamii ile ile ya wafugaji wa kale.

Kaburi moja, mawakili wawili

Pande zote mbili hulitumia kaburi hilo. Mtetezi wa mfugaji husema: tazameni, ng'ombe walikuwamo ndani ya kreta tangu zama za kale, na wanyama mnaowasifu hawakutoweka. Mpinzani wake hujibu: sawa, lakini Wamasai walifika Ngorongoro karne chache tu zilizopita, wala si wao waliozikwa hapo, basi haki yao ya ukale iko wapi?

Kwa insafu, hoja hizi mbili hazina uzito sawa. Kaburi haliwezi kuwa hatimiliki ya mtu yeyote. Damu za nchi hii zimechanganyika mno, na haki ya mkazi wa leo hutokana na sheria na ubinadamu, si na mifupa ya miaka elfu mbili. Lakini kaburi lile, pamoja na samadi ya Narok, huvunja kabisa dai moja ambalo juu yake mengi yamejengwa: dai la kuwa mbuga hizi zilikuwa hazijaguswa na mkono wa mtu. Ziliguswa. Sehemu ya uzuri wake ni mazao ya mguso huo.

> *"Mbuga hizi ziliguswa. Sehemu ya uzuri wake ni mazao ya mguso huo."*

Hata hivyo wahifadhi wana hoja moja ambayo watetezi wa wafugaji huipita kwa haraka, nayo haifai kupitwa. Samadi haikuirutubisha nchi kwa kuwa samadi tu. Iliirutubisha kwa sababu boma lilihamwa. Zizi lisilohama huua nyasi zote zilizo karibu, na rutuba yake hurundikana mahali ambapo hakuna kinachoota ila miiba na magugu, kama aonavyo yeyote apitaye vituo vya maji vilivyochimbwa kwa nia njema katika nchi kavu. Tena watu wa kale walikuwa wachache, na nchi ilikuwa pana.

Lakini ni nani aliyemzuia mfugaji kuhama? Si kupenda kwake. Ardhi ya jumuiya huko Narok imegawanywa kwa hati, ikazungushiwa seng'enge, sehemu zake nzuri zikalimwa ngano. Sehemu nyingine zimekuwa hifadhi. Aliyebaki na kipande kisichomtosha, akalazimika kukaa mahali pamoja mwaka mzima, huyo ndiye anayeshitakiwa leo kwa kosa la kuichosha ardhi. Ni sawasawa na kumfunga mtu miguu kisha kumlaumu kwa uvivu.

Yanayopotea

Wakati hayo yakibishaniwa, mahame yenyewe yanatoweka. Ni makaburi machache tu na mahali kama Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na ambapo sasa pana makumbusho, yaliyopata kinga ya sheria na mlinzi wa mlangoni. Duara la nyasi katika shamba la mtu halina kibao wala mlinzi. Plau ikipita mara moja hulikwangua, ikipita miaka kumi hulichanganya na udongo wa chini, na seng'enge ikiwazuia swala, kule kurudishiwa rutuba kulikodumu karne thelathini hukoma.

Machimbo ya obsidiani nayo yako katika nchi ya mashamba, makaa na visima vya mvuke wa umeme. Umeme ni neema, wala hatusemi usichimbwe. Tunasema pachunguzwe kabla ya katapila kufika, kwa kuwa kibanzi kilichoondolewa pale kilipoangushwa hakiwezi tena kueleza nani alikichonga wala alikuwa akielekea wapi.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, na kwa serikali za kaunti na halmashauri zenye kugawa ardhi. Mahame ya wafugaji yaandikwe katika ramani kabla ya hati nyingine kutolewa. Yaandikwe kwa msaada wa wazee wa nchi hizo, ambao huyatambua kwa kutazama majani tu. Na kila mpango wa malisho utakaoandikwa Dodoma au Nairobi uwe na njia za kuhama ndani yake, zenye upana wa kupita ng'ombe na nyumbu pia, maana samadi ile ya Narok haikupatikana kwa njia nyingine.